Runinga Hii Inaniharibia Filamu, na Muuzaji Anasema Ninatafuta Kasoro

Sitaitaja chapa ya runinga hii wala duka lililoniuzia hapa Mtwara mjini, lakini hasira yangu sitaificha. Niliinunua msimu wa korosho uliopita, wakati maduka yanapojaza bidhaa kwa kuwa watu wana fedha mkononi, na mwanzoni niliisifia kwa kila aliyeingia sebuleni. Kisha programu yake ikajisasisha yenyewe. Tangu hapo, kila nikiiwasha, ule mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha unakuwa umerudi, hata kama usiku uliotangulia niliuzima kwa mkono wangu.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani. Filamu nyingi hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na macho yetu huitambua sinema kwa mwendo huo. Kioo cha runinga ya kisasa huonyesha picha 60 au hata 120 kwa sekunde, kwa hiyo mtambo wa ndani hubuni picha ambazo hakuna kamera iliyozipiga na kuzipachika katikati ya zile halisi, na filamu iliyoandaliwa kwa ustadi mkubwa hutoka kama tamthilia ya mchana iliyorekodiwa studio. Waliolalamika kabla yangu ni wenye sinema wenyewe: Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video wakiwasihi watazamaji wauzime mpangilio huo, na mwaka 2019 UHD Alliance, muungano wa kampuni za runinga na za filamu, ikatangaza Filmmaker Mode, yaani hali ya runinga ya kuonyesha filamu kama mwongozaji alivyoikusudia, inayouondoa mpangilio huo kwa hatua moja.

Nilirudi dukani, nikamsalimu kijana wa mauzo kwa heshima na kumweleza yote hayo. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Mzee, runinga haina tatizo. Wateja wote wanafurahia, wewe ndiye unayetafuta kasoro." Nilimwomba aiwashe ile iliyokuwa ukutani tuangalie pamoja, akaniambia ana wateja wa maana wa kuhudumia. Wa maana! Fedha niliyompa haikuwa pungufu kuliko ya wengine.

Lazima nikiri kwamba kuhusu wateja wengine hakusema uongo. Vijana wa jirani zetu hapa Shangani hujaa kwangu siku za mpira, na wote husifia jinsi wachezaji wanavyokimbia bila picha kukatika. Nami nikitazama mpira, naona raha ileile, ingawa pasi ndefu ikipigwa, wakati mwingine mpira huburuta kivuli nyuma yake. Basi wengi wawekewe wanachokipenda tangu kiwandani, sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kwamba mpenzi wa filamu akishachagua, chaguo lake likumbukwe, jambo ambalo runinga hii hii ililiweza kabla ya kusasishwa.

Nilikusudia kuandika kwamba kwa mpira na taarifa ya habari inunuliwe bila wasiwasi. Nimebadili mawazo, kwa sababu sasisho lililonivurugia filamu leo linaweza kumvurugia mwingine kitu kingine kesho, na duka limekwishaonyesha litakavyompokea. Anayetaka kununua aombe, kabla ya kulipa, mpangilio wa mwendo uzimwe mbele yake, runinga izimwe na kuwashwa upya, kisha auangalie tena. Muuzaji akikataa, maduka yapo mengi.