Usukani wa umeme uliokuwa mzito mikononi mwangu tu: uzoefu wangu na gari jipya

Gari nililonunua lilikuwa jipya kabisa, likiwa na kilomita 11 tu kwenye dashibodi siku nilipokabidhiwa funguo, na kwa siku kumi na nane za mwanzo sikuwa na neno la kulalamikia. Usukani wake ulikuwa mwepesi hata niliweza kuegesha kwa mkono mmoja, tena bila ule mvumo niliouzoea katika gari langu la zamani lililotumia pampu ya oili. Siku ya kumi na tisa, nilipokuwa nikirudi nyuma kutoka kwenye maegesho, usukani ulikaza ghafla. Haukujifunga, ila ulikuwa mzito kama wa gari linalovutwa kwa kamba huku injini imezimwa, na kwenye dashibodi ikawaka taa ya njano yenye umbo la usukani na alama ya mshangao kando yake. Nilizima gari, nikasubiri kidogo, nikaliwasha tena. Taa ikatoweka na wepesi ukarejea.

Kule kurejea kwa wepesi ndiko kulikonipotezea miezi minne, kwa sababu kila nilipofika karakana gari lilikuwa zima, nami nilionekana mtu asiyejua kuendesha.

Mara ya pili ilinikuta nikiwa ndani ya kona, mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Niseme wazi kwa yeyote ambaye hajakutwa na jambo hili: usukani wa umeme ukikata msaada wake, magurudumu bado yanaunganishwa na mikono yako kwa vyuma, hivyo gari linaendelea kukatika kona ukilikata. Kinachoondoka ni nguvu ya mota. Hatari iko katika ule mshtuko, kwani mtu aliyezoea kugusa kidogo anajikuta hajazungusha vya kutosha, kisha anavuta kwa nguvu kupita kiasi. Nilishika usukani kwa mikono yote miwili, nikapunguza mwendo, nikatoka kando ya barabara. Mikono ilikuwa ikinitetemeka.

Usiku ule nilisoma kitabu cha mwongozo cha gari na kila nilichoweza kupata kuhusu mfumo huu, ambao ulianza kuuzwa katika magari ya kawaida mwaka 1988 kwenye gari dogo la Suzuki liitwalo Cervo, na leo uko karibu katika kila gari jipya. Kanuni yake haina utata. Ndani ya mhimili wa usukani, ambao mafundi huuita kolamu, mna ufito mwembamba wa chuma unaojisokota kidogo sana unapozungusha usukani. Sensa, yaani kifaa cha kupimia, hupima msokoto huo, kompyuta ndogo ya usukani hupokea kipimo, na mota husaidia kwa kiasi kinacholingana na nguvu ya mkono wako na mwendo wa gari. Sensa hutuma ishara mbili zinazochungana, na zikipingana, kompyuta haithubutu kubahatisha: hukata msaada, huwasha taa, na aghalabu hukaa hivyo mpaka gari lizimwe na kuwashwa upya. Nilipoelewa hapo ndipo nilipojua kwamba kuzima na kuwasha hakutibu kitu. Ni sawa na kumwamsha mlinzi aliyesimama langoni na kumwomba asahau alichokiona.

Nilipeleka gari kwa muuzaji siku iliyofuata. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu, akanisikiliza, na baada ya saa moja akarudi na funguo. "Dada, tumelipima kwa kompyuta, kulikuwa na kodi moja ya zamani tumeifuta. Gari halina shida." Nilimuuliza kodi hiyo, yaani alama ya herufi na namba ambayo kompyuta ya gari huhifadhi inapoona hitilafu, ilikuwa ipi. Hakujua, wala haikuandikwa popote. Kwangu mimi hili ndilo kosa kubwa kuliko yote yaliyofuata, kwa kuwa kodi ya hitilafu huhifadhiwa pamoja na hali ya gari ya wakati ule, kama vile mwendo na volti za betri, na ukiifuta kabla ya kuinakili umetupa ushahidi pekee ulioachwa na hitilafu inayokuja na kuondoka. Kodi za mifumo ya usukani na breki kwa kawaida huanza na herufi C, na zile za mawasiliano kati ya kompyuta za gari huanza na U. Hata herufi hiyo moja ingetuambia tuanzie wapi.

Siku tisa baadaye taa iliwaka tena mara mbili kwa siku moja. Safari hii walibadilisha betri. Siwalaumu kwa kulifikiria hilo, kwa sababu mota ya usukani huweza kuvuta makumi ya ampea gari likiwa limesimama na tairi zikisuguana na ardhi, na betri dhaifu au waya wa athi (unaounganisha betri na bodi la gari) uliolegea huufanya mfumo upunguze msaada. Ninalowalaumu ni kwamba hawakuipima. Nilinunua kipima volti kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kuwashia sigara, na taa ilipowaka tena, kipima hicho kilisoma 14.2. Umeme ulikuwapo wa kutosha. Upepo wa tairi nao niliukagua mwenyewe, ulikuwa sawa.

Nilijiuliza pia kama mota ilikuwa ikipata moto. Ukizungusha usukani mara nyingi hadi mwisho, kushoto na kulia, gari likiwa limesimama, au ukiushikilia mwishoni kwa muda mrefu, mfumo hupunguza msaada ili kujilinda na joto, na wepesi hurudi wenyewe mota ikipoa. Huo si ubovu. Lakini wangu ulikuwa ukikata hata asubuhi na mapema, dakika mbili baada ya kuondoka nyumbani.

Tangu hapo nikaanza kuandika. Katika daftari dogo nililoliweka mlangoni mwa gari, kila taa ilipowaka niliandika tarehe, saa, mwendo, volti, kama nilikuwa nikikata kona au nikienda moja kwa moja, barabara ilikuwa laini au yenye mashimo, na nani alikuwa akiendesha. Hilo la mwisho niliongeza kwa ukamilifu tu, kwani mdogo wangu huazima gari mara kwa mara. Katika wiki tano yalijaa matukio kumi na manne. Yote yalikuwa ya kwangu. Mdogo wangu, aliyeendesha karibu theluthi ya kilomita zote, hakuiona taa hata mara moja.

Nilipoonyesha ukurasa huo karakana, meneja aliusoma kwa haraka akasema, kwa upole lakini bila kunitazama, kwamba labda nashika usukani vibaya, na kwamba gari jipya haliwezi kuwa na hitilafu ya namna hiyo. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimkumbusha kwamba mwaka 2014 kampuni ya General Motors iliita zaidi ya magari milioni 1.3 nchini Marekani yarudishwe kurekebishwa kwa sababu usukani wa umeme uliweza kupoteza msaada ghafla, na kwamba mwaka 2024 Honda iliita takriban magari milioni 1.7 nchini humo kwa sababu ya gurudumu la meno ndani ya boksi la usukani lililofanya usukani ukwame kidogo njiani. Haya ni makampuni makubwa yenye wahandisi hodari, nayo yalikiri. Basi karakana moja inashindwaje kukubali kulitazama gari moja?

Walikubali kubadilisha mhimili wote wa usukani chini ya waranti, kwa kuwa sensa ya msokoto ya gari hili haiuzwi peke yake. Nilisubiri kipuri wiki mbili. Kazi yenyewe ilichukua siku moja, ila waliponirudishia gari, lilikuwa likivuta kulia kidogo na usukani ukikaa upande hata barabara ikiwa imenyooka, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufundisha mfumo upya mahali sifuri ilipo. Baada ya kubadilisha mhimili au kupanga magurudumu, kompyuta huhitaji kuelezwa kwa mashine ya kupimia kwamba huu ndio unyofu. Nilirudi, wakafanya kwa dakika kumi, gari likanyooka. Niliendesha siku sita bila taa, nikaanza kuamini kwamba mambo yamekwisha.

Siku ya saba iliwaka.

Nakumbuka nilikaa ndani ya gari lililoegeshwa nikisoma daftari langu upya, na jambo nililokuwa nikilitazama kila siku bila kuliona likanijia. Mimi ni mfupi. Kila ninapoketi hufungua kishikizo kilicho chini ya usukani na kuuteremsha hadi mwisho. Mdogo wangu ananipita kichwa kizima, naye huuacha juu. Gari liliporudi karakana mafundi waliuacha juu, nami kwa siku zile sita nilikuwa ndiyo kwanza nimepona maumivu ya mgongo, nikiendesha nikiwa nimenyooka, hivyo sikuuteremsha. Asubuhi ya siku ya saba niliuteremsha.

Safari iliyofuata niliomba nizungumze na fundi, si mapokezi. Nililetewa fundi mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye alilisoma daftari lote tangu ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akaniambia, "Keti unavyoketi wewe kila siku." Akachomeka mashine chini ya dashibodi, akafungua ukurasa unaoonyesha zile ishara mbili za sensa zikienda kwa wakati halisi, akaniomba niteremshe usukani. Ishara ya pili ikaruka. Nikapandisha, ikatulia. Nikateremsha, ikaruka tena. Alilala chali sakafuni mwa gari na tochi, akanyamaza muda mrefu, halafu akaniita nikaone mwenyewe.

Fungu la nyaya linaloingia kwenye sensa lilikuwa limebanwa na klipu mahali pasipostahili, karibu sentimita nne chini ya tundu lililotengwa kwa klipu hiyo. Usukani ukiwa juu, nyaya zililegea vizuri. Ukiwa chini, zilikazwa kama uzi wa gitaa na kuivuta plagi ya sensa kidogo sana, kiasi cha kuifanya pini moja iguse na kuachia gari likitikisika. Waliobadilisha mhimili walizirudisha nyaya katika klipu ileile, kama walivyozikuta kutoka kiwandani. Mhimili wa kwanza, nadhani, haukuwa na kosa lolote.

Fundi yule alibadilisha kipande cha nyaya chenye plagi, akairudisha klipu mahali pake, akaufundisha mfumo sifuri upya, kisha tukaenda barabarani dakika arubaini, mimi nikiendesha na yeye akitazama mashine magotini. Tulipita makusudi penye matuta. Hakuna kilichoruka. Nilimwomba aandike kwenye karatasi ya kazi chanzo halisi, na akaandika kwa mkono wake: nyaya za sensa zilibanwa vibaya. Maneno hayo ninayathamini kuliko betri na mhimili niliopewa bure, maana hitilafu ikirudi baada ya waranti kwisha ninayo historia iliyoandikwa.

Gari sasa limepita kilomita 9,000 tangu siku hiyo, na taa huwaka kwa sekunde chache tu ninapofungua swichi, kama inavyopaswa kuwaka kujipima. Kuhusu usukani wenyewe, ninaupenda: ni mwepesi mjini, unakuwa mzito kiasi kwa mwendo wa kasi ili gari lisiyumbe, hauna oili ya kuvuja wala mkanda wa kukatika. Kama ningeulizwa leo, ningelinunua tena gari hili. Kwa muuzaji nisingerudi kwa hiari, si kwa sababu walishindwa mara tatu, kwani hitilafu ya aina hii humsumbua fundi yeyote, bali kwa sababu walifuta kodi bila kuinakili na waliona wepesi kumshuku dereva kuliko kulala chini ya dashibodi na tochi. Ukifika karakana na tatizo kama langu, omba kabla ya jambo lolote upewe kodi kwenye karatasi, na kama inawezekana piga video taa ikiwa imewaka huku mwendo ukionekana. Waambie pia unavyoketi. Nisingewahi kudhani urefu wangu ni habari ya fundi.

Lililobaki linanisumbua zaidi. Klipu ile ilifungwa kiwandani, na aliyefunga gari langu siku hiyo bila shaka alifunga na mengine. Nimemwandikia mtengenezaji barua yenye picha ya klipu, nakala ya karatasi ya kazi na kurasa za daftari, nikimwomba akague magari yaliyotoka pamoja na langu, hasa kwa ajili ya madereva wafupi wanaoambiwa hawajui kushika usukani. Wamenijibu kwamba barua imepokelewa na imepewa namba. Nimewaandikia tena wiki hii kuuliza kilichofanyika tangu hapo.