Kujiunga APSA ukiwa mwanafunzi: hela yako inalipa wapi

Wadau mnaosoma sayansi ya siasa huku Marekani, kwa wanaouliza kama kuna haja ya kulipia uanachama wa APSA, chama cha wanasayansi ya siasa cha hapa, jibu langu ni jiunge, ila usijiunge kwa sababu ya majarida. Lile kubwa lao, American Political Science Review, linatoka tangu 1906 na laibrari ya chuo chako bila shaka inalo, unalisoma bure.

Hela inalipa kwenye watu. Ule mkutano wa mwaka, mwishoni mwa Agosti au Septemba, unakusanya maelfu ya watu na ukiingia kichwakichwa unapotea kabisa, kwa hiyo chagua seksheni moja tu, yaani kikundi cha wanachama wa mada moja, inayogusa kazi yako, ziko zaidi ya 40 na siasa za Afrika wana ya kwao, halafu nenda kwenye kikao chao cha wanachama jioni, pale watu wanaenea chumba kimoja, yule profesa unayemsoma kila wiki amesimama hapo na chai yake, msalimie, mweleze utafiti wako kwa dakika mbili, muombe imeli. Hiyo huipati laibrari. Na ada inakwenda na kipato, mwanafunzi halipi sawa na profesa.

Halafu aisee, hiki chama kina historia inayotugusa sisi. Ralph Bunche, mtu mweusi wa kwanza kuwa rais wake, 1953, alijifunza Kiswahili London miaka ya 1930, na aliyemfundisha ni Jomo Kenyatta! Mimi hilo linanipa moyo sana nikiwa kwenye zile paneli.

Kasoro yake kubwa ni gharama. Mikutano inafanyika kwenye mahoteli ya katikati ya jiji, chumba cha peke yako ni bei mbaya kwa mwanafunzi, changeni watatu wanne na muombe hela ya safari idarani mapema. Na 2025 mkutano ulikuwa Vancouver, mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya lazima aombe viza ya Kanada hata kama yuko Marekani kihalali kwa viza ya mwanafunzi, hapo naona chama kingetufikiria zaidi sisi wa nje kabla ya kuchagua mji.

Kama unataka kuwasilisha pepa anza kuandika muhtasari sasa hivi, maombi huwa yanafungwa Januari.