Lenzi ya jicho la samaki kwenye Leica M3: uzoefu wangu

Mkanda wangu wa kwanza wa filamu na lenzi hii, lenzi pana mno inayopinda mistari, ulitoka mweupe pe. Picha 36, hakuna hata moja. Lenzi haina kosa, mimi ndiye niliyesahau kuvua kifuniko. Kwenye kamera ya renjifainda kama M3 hutazami kupitia lenzi, unatazama kupitia kidirisha cha pembeni, nacho hakikwambii kitu lenzi ikiwa imefumbwa jicho.

Yenyewe ni Nikkor ya milimita 16, tundu lake la mwanga likifunguka hadi f/2.8, iliyoundwa kwa kamera za Nikon zenye kioo cha kuakisi ndani. Kuivisha M3 kunahitaji adapta, pete nene ya karibu milimita 19 inayoiweka lenzi kwenye umbali wake wa asili kutoka kwenye filamu. Adapta yangu ya kwanza ilikuwa ya bei chee na ilikuwa inacheza; nikaiweka kando nikatafuta nyingine.

Adapta haiunganishi lenzi na mtambo wa kupimia umbali, kwa hiyo zile taswira mbili za katikati ya kidirisha, ambazo kwa kawaida hukutana fokasi ikikaa sawa, hazisogei hata uzungushe pete vipi. Nilidhani hilo litanikera. Wapi! Nikibana tundu la mwanga hadi f/8 na kuweka fokasi kupita mita 1 kidogo tu, kuanzia nusu mita hivi hadi mbali kabisa kila kitu kinatoka kikali vya kutosha. Pete siigusi siku nzima.

Kinachotesa ni kupanga picha. Fremu pana kuliko zote inayoonekana ndani ya kidirisha cha M3 ni ya lenzi ya milimita 50, ilhali lenzi hii inazoa nyuzi 180 kutoka kona hadi kona. Ni kuchungulia sebule kwa tundu la ufunguo. Siku hizi hata sichungulii: nimebandika pimamaji kadogo juu ya kamera na ninalitazama hilo. Mstari wa upeo ukipita katikati ya picha unabaki umenyooka. Ukiinamisha kamera unavimba kama mgongo wa chungu, ukiinua unabonyea kama bakuli.

Halafu vidole. Mkono wa kushoto ulizoea kushika lenzi kwa chini, na kwenye mkanda wa pili picha kama saba zina kitu cha rangi ya ngozi pembeni. Viatu vyangu navyo vimo, na kamba ya kamera.

Ila picha ya ngazi za mzunguko ilinilipa usumbufu wote. Nililaza kamera sakafuni ikitazama juu, nikabonyeza, na ghorofa zote zikajikunja kama gamba la konokono. Watu nao wanatoka vizuri kuliko nilivyotarajia: lenzi pana ya kawaida huwavuta vichwa walio pembeni, hii inawapinda tu, wamekaa kama wanaegemea katikati.

Kifuniko sasa kinakaa mfukoni tangu ninapotoka mlangoni. Kioo cha mbele kimetuna, na kimeshapata alama moja ya kucha.