Sanduku la slaidi 25 za mimea za kutazama kwa hadubini, baada ya mihula miwili ya kulitumia

Nililinunua sanduku hili kwa ajili ya slaidi moja tu: ncha ya mzizi wa kitunguu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiitengeneza mwenyewe darasani. Unakata ncha, unailainisha kwa asidi, unaitia rangi, unaiminya kwa kidole gumba, na mara nyingi seli zinapondeka kabla hujaona kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi) hata moja. Wanaofundisha biolojia wanaijua adha hiyo.

Slaidi ya sanduku hili haina neno. Seli zimepangana safu kwa safu kama matofali. Usikazie macho kwenye ncha yenyewe, maana pale ni kofia ya mzizi tu; rudi nyuma kidogo, weka ukuzaji wa mara 400, usogeze taratibu. Seli nyingi zimetulia, lakini hukosi kukuta moja ambayo kromosomu zake zimejipanga katikati, na jirani yake ambayo zimeshavutwa huku na huku. Kitunguu kina kromosomu 16, na rangi imekolea kiasi kwamba penye nafasi utakaribia kuzihesabu. Mwanafunzi wangu mmoja aliinama pale kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo hii ilikuwa inagawanyika, ikafia hapo hapo?" Ndiyo, ilifia hapo hapo. Tangu siku ile simwelezi tena mtu mgawanyiko wa seli kwa mchoro kabla hajaiona slaidi hii.

Lakini iliyoniteka zaidi ni slaidi namba 11, vifuko vya chavua vya ua la Lilium. Mmea huo una kromosomu 24 katika seli za kawaida. Humo ndani ya kifuko seli hugawanyika mara mbili mfululizo, na unaziona nne zimeshikana, kila moja ikiwa na kromosomu 12. Mendel, mtawa aliyechunguza urithi, alichapisha matokeo ya njegere zake mwaka 1866 bila kujua kromosomu ni nini. Alihesabu tu mbegu za duara na zilizokunjamana. Hapa unaona kwa nini hesabu yake ilitoka sawa: kila seli ya uzazi huchukua kromosomu moja tu kutoka katika kila jozi.

Kijitabu kinachoandamana nalo kina kosa moja. Kwenye slaidi ya ovari ya ua hilo hilo wameandika kwamba chakula cha mbegu kina seti 3 za kromosomu. Kwa mimea mingi inayotoa maua ni kweli: mbegu moja ya kiume huungana na yai, ya pili huungana na viini viwili vya katikati, na kila kimoja huleta seti 1. Ila Lilium ni tofauti. Kiini kimoja kati ya hivyo viwili tayari kina seti 3, kwa hiyo jumla huwa 5. Walichagua mmea usiofuata kanuni kisha wakaandika kanuni.

Upande wa magonjwa ndio ulioniudhi. Slaidi ya kutu ya ngano ni nzuri. Unaona ngozi ya jani imepasuka na mbegu za kuvu zimefurika nje. Namba 19 ndiyo shida. Ni jani la tumbaku lenye ugonjwa wa batobato, na kwenye picha ya kijitabu mishale imeelekezwa kwenye vidoa vya duara vilivyoandikwa "virusi". Vidoa hivyo ni kloroplasti! Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kijiti chenye urefu wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) 300 na unene wa 18 hivi, na hadubini ya mwanga haitenganishi vitu vilivyokaribiana chini ya nanomita 200 hivi. Mtoto akiamini ameona kirusi kwa hadubini ya darasani, hatajiuliza kwa nini mwanasayansi Mrusi Ivanovsky mwaka 1892 aliuchuja utomvu wa majani yenye ugonjwa, ukapita kwenye kichujio kinachozuia bakteria, na bado ukaambukiza. Niliwaandikia watengenezaji. Walijibu kwa heshima, ila toleo jipya limekuja na mishale ile ile.

Vioo ni imara na kingo zimesuguliwa, hazikati vidole. Sanduku la mbao linafunga vizuri.

Nashauri ulinunue, hasa kwa somo la uzazi na urithi. Kwa kuwa kila kitu humo kimekufa, ongeza kimoja kilicho hai: chavua mbichi ya ua la Impatiens kwenye tone la maji yenye sukari asilimia 10 na asidi ya boriki kidogo sana. Huota haraka, somo moja linatosha kuuona mrija ukichomoza na kurefuka. Namba 19 nimeibandikia karatasi mpya juu ya lebo yao: "Jani lenye ugonjwa. Kirusi hakionekani hapa."