Tiba shufaa ya nyumbani Mombasa: panapofaa na panapokwama

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mgonjwa wa maradhi mazito, akishaitikiwa hodi, mtazame kama anaketi. Akisimama mlangoni na faili mkononi, mgonjwa atasema "sijambo" na maumivu yatabaki pale pale. Akivuta kigoda, akamuuliza mzee anauelewaje ugonjwa wake, kisha akanyamaza, hapo ndipo maneno hutoka. Kwa kipimo hicho, huduma hii inastahili sifa, na kwa nyumba za ghorofa za Mji wa Kale haina mbadala: mgonjwa wa kansa hashushwi kila wiki kwenye ngazi zile nyembamba bila kuumizwa.

Ila upole bila dozi sahihi haumfai mtu. Maumivu hupimwa kwa mkono: ngumi maana yake hakuna, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Bibi aliyeinua vidole vinne Jumatatu akiinua kimoja Jumatano, nyumba nzima inapumua, na sista naye. Wito wa kazi hii unalishwa na vidole hivyo kuliko hotuba yoyote.

Kinachovishusha vidole mara nyingi ni mofini ya maji, dawa kali ya maumivu. Mtu mzima ambaye hajaizoea kwa kawaida huandikiwa 2.5 hadi 5 mg kila baada ya saa nne: saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, halafu saa nne usiku dozi maradufu ili alale hadi kukuche. Haingojwi maumivu yarudi. Cicely Saunders, daktari Mwingereza aliyefungua St Christopher's, hospisi (nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha) jijini London mwaka 1967, alilisisitiza sana jambo hilo, na muuguzi mzuri hulirudia mpaka binti wa nyumba aliseme mwenyewe.

Makosa huingia kwenye kupima. Vijiko vya jikoni havilingani, kwa hiyo dai bomba la sindano lisilo na sindano. Soma pia nguvu ya dawa kila chupa mpya inapoletwa: 5 ml za chupa ya 1 mg kwa ml ni 5 mg, lakini 5 ml za chupa ya 10 mg kwa ml ni 50 mg. Hilo si kosa dogo. Kichefuchefu cha siku za mwanzo huelekea kupungua. Choo kigumu hakipungui chenyewe, na dawa ya kulainisha inapaswa kuanza siku moja na mofini, isipokuwa mgonjwa anaharisha. Wanaoisahau huishia na mgonjwa anayeikataa mofini kwa sababu ya tumbo, si kwa sababu ya dawa yenyewe.

Kwa vidonda vinavyonuka, huduma hii ni hodari. Kidonda husafishwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, kisha hunyunyiziwa vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa, ile wengi wanayoiita Flagyl. Harufu ikishuka, wajukuu hurudi kukaa kitandani kwa nyanya yao. Sijui dawa gani ingeweza kufanya zaidi ya hapo.

Inapokwama ni usiku na wikendi. Uliza siku ya kwanza kabisa: nani atashika simu saa nane usiku? Usipopata jibu, omba maelekezo ya dozi ya ziada yaandikwe kwenye karatasi. Mgonjwa wa 5 mg hutumia 30 mg kwa siku, hivyo chupa ya 500 ml yenye 1 mg kwa ml humfikisha siku kumi na sita. Agizeni nyingine zikibaki siku nne, na walio Likoni, ng'ambo ya kivuko, wahesabu na muda wa feri. Kasoro nyingine ni kubadilisha wauguzi kila ziara: mgonjwa hachoki kuumwa tu, huchoka pia kujieleza upya.

Baada ya maziko, mofini iliyobaki haifai kukaa kabatini, inapaswa kurudishwa. Sista aliyemhudumia marehemu ndiye angefaa kuifuata, baada ya hitima, akapewa kahawa na akasikia siku za mwisho zilikwendaje. Timu zikizidiwa, ziara hiyo ndiyo hukatwa kwanza, na familia huambiwa ipeleke chupa yenyewe. Ziara hiyo irudishwe. Ni nusu saa tu, na muuguzi anaihitaji sawa na wafiwa.