Sebule: krimu au bluu iliyokolea?

Kadi ya rangi dukani haiaminiki. Kile kipande kidogo kikishaenea ukutani, krimu huelekea njano na bluu iliyokolea hukaribia weusi. Kinachoamua ni mwanga wa chumba, basi tuchukue sebule ya mita 4 kwa 4, kimo mita 3, yenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Dar es Salaam sebule kama hizo zimejaa.

Chaguo la kwanza: krimu kuta tatu, bluu ukuta mmoja. Ukuta unaoelekeana na dirisha uachie krimu, maana ndio unaorudisha mwanga ndani. Bluu ipeleke ukuta wa pembeni, nyuma ya televisheni. Kioo cheusi kitapotelea humo, na waya hazitaonekana sana. Kopo moja la lita 4 la bluu linatosha hata ukipaka mara tatu. Krimu chukua makopo mawili.

La pili: krimu kote. Lita moja ya rangi ya maji hupaka mita za mraba 10 hadi 12, kwa hiyo kuta hizo mara mbili ni kama lita 8. Ni salama, haichoshi macho. Hata nyumba za mawe za Lamu, zenye vyumba vyembamba na mwanga haba, kuta zake za ndani zilipakwa chokaa nyeupe. Tatizo ni vidole vya watoto karibu na swichi. Nunua rangi ya silki inayofutika kwa kitambaa chenye maji, ila ujue kwamba mng'ao wake hufichua kila wimbi la plasta. Fundi apige msasa kwanza.

La mwisho: bluu kote. Inapendeza pichani, lakini hapa utawasha taa saa sita mchana. Juu ya ukuta mweupe mara nyingi hudai kupakwa mara tatu, yaani lita 12, na kila mkwaruzo huonekana. Chumbani kwa kulala, sawa.

Kabla ya kulipia yote, nunua kopo dogo, paka kipande cha nusu mita kwenye kuta mbili, ukitazame asubuhi, mchana na usiku taa ikiwaka. Balbu ya njano huivuta bluu kwenye ukijani.

Rangi ya kuchanganywa kwa mashine chukua yote siku moja, na uandike namba yake. Na ukuta ukiwa unatoa chumvi chini, usinunue rangi yoyote mpaka unyevu utibiwe. Zote mbili zitabanduka.