Mgombea urais: vikao vichuje au wanachama wapige kura?

Mwaka 2015 makada 38 wa CCM, chama tawala Tanzania, walirudisha fomu za kuomba urais. Kamati Kuu ikabakiza watano. Jina la Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani, likakatwa, na baadhi ya wajumbe wa Halmashauri Kuu wakaimba "tuna imani na Lowassa". Haikusaidia kitu, akahamia Chadema, chama cha upinzani. Halmashauri Kuu ikapunguza tena, Mkutano Mkuu ukaletewa majina matatu tu. Utaratibu huu ni wa haraka, basi.

Marekani, vigogo wa vyama walitamba hadi 1968, Makamu wa Rais Hubert Humphrey alipopewa tiketi ya chama cha Democratic bila kushiriki kura za mchujo, yaani zile wapigakura wanazopiga kumchagua mgombea wa chama. Tangu 1972 wapigakura huamua jimbo kwa jimbo. Kampeni huchukua miezi na kumeza fedha nyingi mno, ila naegemea huko, mradi daftari la wanachama lisafishwe kwanza, maana kadi za chama nazo hununuliwa.